Sikukuu Usiyokwenda

Thuwaiba,

Umetoka kwenda mjini kuwaaga shoga zako, nami nimejifungia chumbani na kalamu kabla hujarudi. Salamu za barua nnazijua. Nimezifundisha darasani mpaka zikanikinai, kwa hiyo leo ntaziruka. Chai ya asubuhi tumekunywa pamoja, nnajua kama u mzima. Wala sitokwambia utie nguo nzito, wala ule vizuri, wala uangalie marafiki. Akili unazo, na kama huna mpaka leo, basi karatasi hii haitakutilia.

Nnakuandikia kwa sababu ya lile ulilolisimulia jana.

Jana kwenye dua yako ya safari, visomo vimekwisha, wanawake wamejaa ukumbini wanakula haluwa, wakakwambia hebu sema kidogo, unakwenda kusoma nini huko Maskati? Ukajibu saikolojia ya utambuzi, elimu ya namna akili inavyojua, inavyokumbuka na inavyosahau. Mpaka hapo nilijidai. Nikasema moyoni, huyu wangu. Kisha mmoja akakuuliza kwa nini hiyo, na udaktari upo? Ndipo ukaitoa ile sikukuu yako. Idd, wewe mdogo, una gauni la rangi ya machungwa. Baba yako kakuweka begani kakupeleka viwanja vya Mnazi Mmoja. Ndara yako ikakatika, naye akavua kubadhi lake moja akakuvisha, akarudi nyumbani mguu mmoja uko chini, changarawe zinamchoma, na huku anacheka. Ukasema hiyo ndiyo siku ya mwanzo unayoikumbuka katika umri wako, na ndiyo iliyokufanya utake kujua kumbukumbu ni kitu gani. Wanawake wakalia. Bi Zuwena wa jirani akajifuta kwa ncha ya mtandio. Ukamalizia, "Nikifika huko, kitu cha mwanzo, namtafuta baba yangu."

Nikainuka nikenda jikoni. Watu walidhani nimekwenda kulia. Aka! Niliosha birika ambalo lilikuwa limeshaoshwa.

Mwanangu, siku hiyo haikuwapo.

Hakuna Idd hata moja uliyopelekwa na baba yako. Aliondoka hapa wewe hujasimama dede. Alikwenda Maskati kwa jina la kwenda kutafuta, akaoa, akazaa, na tangu hapo hajakanyaga Unguja. Khaleti yako jana alikuwa amekaa mbele yako na anayajua yote haya. Alinitazama, nikamtazama, akaendelea na haluwa yake. Ndugu yangu huyo, mdomo wake haufunguki ila kwa kutia kitu.

Sasa utauliza, kama haikuwapo imetoka wapi, mbona unaiona mpaka vumbi lake? Nimekutilia mimi. Na kwa kuwa unakwenda kusoma jinsi mtu anavyoweza kutiliwa, bora uanze na lako mwenyewe kabla hujafika kwa watu wa vitabuni.

Wajua nimefundisha walimu miaka mingi, na somo langu lilikuwa ni hilo hilo. Nilipokuzaa nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka masomoni, kichwa kimejaa watu wa tabia. Utawakuta mapema. Hao walikuja na hasira juu ya waliowatangulia, wazee wa Ulaya waliokuwa wakikaa kitini wakijichungulia nafsi zao, kila mmoja akiandika alichokiona humo, na wawili wasikubaliane. Watu wa tabia wakasema, tushachoka na habari za ndani. Ndani hakuonekani. Tutazame kinachoingia na kinachotoka, kengele ikilia mbwa anatoka mate, panya akibonyeza kidude anapata tonge, na yaliyo katikati ni sanduku lililofungwa. Mmoja wao alimchukua mtoto mchanga asiyejua hofu, akamwekea panya mweupe mbele yake, na kila mtoto akinyoosha mkono, nyuma yake linapigwa chuma. Baada ya hapo mtoto akawa anamlilia panya, na sungura, na kila chenye manyoya. Miye nilipolisoma hilo sikumuonea huruma yule mtoto. Nilisema, kumbe kulea ni rahisi hivi!

Na ndivyo nilivyokulea. Ukinyamaza, tende. Ukilia, kofi. Watu wakinisifu, Thuwaiba mkimya, Thuwaiba ana adabu, mama yake msomi. Nikizipokea sifa na kujipepea nazo. Mkimya! Mtoto aliyefunzwa kwamba kila akifungua mdomo patapigwa chuma atakuwa nini tena? Wala usidhani nilikuwa nakuchukia. Niliamini kwa dhati kwamba ndani yako bado hamna mtu, na kwamba mtu huyo nnamjenga mimi kwa tende na makofi.

Ilhali darasani kila mwaka nikifundisha namna sanduku lilivyokuja kufunguka. Palikuwa na bwana mmoja aliyewaachia panya wazurure kwenye vichochoro, vichochoro khasa, vya kupotezana kama vya kwetu Mji Mkongwe, na hakuwawekea chakula. Wanazurura tu, watu wakaona hawajifunzi kitu. Siku alipoweka chakula mwisho wa njia, wakakifuata moja kwa moja. Kumbe muda wote ule ramani ikichorwa kichwani. Hakuna aliyewalipa, hakuna aliyewapiga, na wao wakijua. Nililisema hilo kwa madaha, wanafunzi wakaandika, na wewe ulikuwa umekaa benchi la nyuma ukinisubiri, unachora mistari, unasikia. Sikukutazama hata siku moja nikaunganisha mambo. Mwalimu mzima!

Mwaka ulioanza chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, wenzako wakakucheka. Wao kila Idd wanapelekwa viwanjani na baba zao, na wewe hueleweki u wa nani. Ukarudi umeshika juzuu kifuani, ukaniuliza, "Mama, mimi baba hajanipeleka sikukuu hata mara moja?"

"Kakupeleka," nikakwambia. "Ulikuwa mdogo. Hukumbuki?"

"Sikumbuki."

Lau ningeishia hapo, ungekuwa uongo wa mama tu, wa kumtuliza mtoto, na huo Mungu ni mwingi wa kusamehe. Sikuishia. Siku zile nilikuwa nafundisha mlango wa kumbukumbu. Nilikuwa nimewaeleza wanafunzi juu ya Muingereza mmoja aliyewapa watu hadithi ya ugenini waisome, kisha akawataka waisimulie, na waisimulie tena. Kila wakiisimulia, yasiyoingia akilini mwao yanadondoka na yanayofanana na kwao yanaingia. Akasema mtu hatoi kumbukumbu ghalani kama gunia la mchele, anaijenga upya kila akiihitaji, kwa vipande alivyonavyo. Na nilikuwa nimewaeleza wengine waliowaonesha watu picha ya magari yaliyogongana, kisha wakawauliza. Ukimuuliza mtu habari ya taa iliyovunjika kama kwamba kuvunjika kwake kushajulikana, atakuja akuone wa ajabu unapomwambia kuwa taa haikuvunjika.

Basi nikataka kuona.

Sikukuuliza kama baba yako alivaa kanzu. Nilikuuliza, "Ile kanzu yake ya rangi ya maziwa unaikumbuka?" Ukasema hapana. Nikaacha zipite siku, nikakuuliza tena nikikufunga nywele. Ukafikiri, ukasema, "Kidogo." Siku nyengine nikakuuliza habari ya malai ya barafu aliyokununulia, ukanambia yalikuwa ya embe. Sikukwambia ya embe, hilo ulilitoa mwenyewe. Ilipofika Idd ya pili ulikuwa una kanzu, una kofia, una malai, una bembea mliyopanda, na unawasimulia wenzako chuoni mpaka wakanyamaza. Nusu yake ilikuwa huruma, hilo usininyime. Nusu yake ilikuwa udadisi. Nilikuwa nakutazama unavyojaa kama yule bwana alivyowatazama panya wake, na usiku nikitabasamu peke yangu kwamba vitabu vinasema kweli.

Lakini kubadhi sikukutilia mimi.

Nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi, wewe umekaa mlangoni. Ukasema tu, bila ya kuulizwa, "Mama, unajua siku ile ndara yangu ilikatika, baba akanivisha kubadhi lake?"

"Kubadhi gani?"

"La ngozi. Lina kisumari kwenye ukanda. Kilikuwa kinanichoma, lakini sikumwambia."

Nikakikuna kidole badala ya nazi. Damu ikaingia kwenye tui, ukanifungia kitambaa, ukanipulizia, na ukadhani nalia kwa sababu ya kidole. Hebu sasa nikwambie nililia nini.

Idd ile unayoiota, wewe ulikuwa na tetekuwanga. Tulikuwa bado tunakaa Vuga, chumba cha juu, na dirisha linatazama njia wanayopita watu kwenda viwanjani. Gauni la rangi ya machungwa lilikuwapo, nilikununulia Darajani, likatundikwa msumarini kwa sababu huwezi kutoka. Ulipanda juu ya sanduku ukashika nondo za dirisha. Watoto wanapita na tarumbeta zao, na mabaluni, na mabegani mwa baba zao, na wewe unapiga kelele, "Namtaka baba! Namtaka baba!" Nilikupa tende ukaitupa. Nilikupiga kofi hukunyamaza. Hapo elimu yangu ilikwisha. Makubadhi ya baba yako yalikuwa chini ya kitanda, aliyaacha kwa sababu yamechakaa na alikokuwa akienda alitaka viatu vipya. Nikatoa moja. Nikakupiga nalo mpaka ukateremka dirishani, na sikuwa nakupiga wewe, nilikuwa nampiga yeye, lakini ngozi ilikuwa yako na vipele vyako vikapasuka. Ukanyamaza. Nikakwambia, "Haya, si unamtaka baba yako? Ndiyo huyu." Nikakutupia lile kubadhi kitandani. Ulilala nalo.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Ulichukua gauni, na watoto wanaopita, na kubadhi lenye kisumari, ukajenga kwa hayo baba anayecheka. Zilipokuja kompyuta, wenye elimu hii wakafurahi wakasema akili nayo ni hivyo hivyo, inaingiza, inaweka, inatoa. Kwa kiasi walisaidia, walithubutu kusema tena kwamba ndani kuna kitu kinachofanya kazi. Lakini watakapokufundisha hilo, inua mkono. Kompyuta uliyoitia kipigo itakutolea kipigo. Wewe nilikutia kipigo ukatoa mahaba.

Utasema, na wewe mama utajuaje kama yako ndiyo ya kweli? Suali zuri, ningelikupa alama. Yangu nayo nimeifukua mara nyingi, na kila afukuae huchanganya udongo. Sijui tena nilikupiga mara ngapi, na sina hakika kama lile neno la "ndiyo huyu" nililisema kwa sauti. Lakini pitisha kidole nyuma ya goti lako la kushoto. Kile kikovu unachowaambia watu ulianguka chuoni, hukuanguka.

Na baba yako usidhani siwezi kumueleza. Palikuwa na Mjerumani mmoja aliyejifungia na kuhifadhi silabi zisizo na maana, mafungu kwa mafungu, yeye mwenyewe ndiye mwalimu na ndiye mwanafunzi, ili apime tu anasahau vipi. Akaona mtu husahau kwa haraka sana mwanzoni, kisha kile kidogo kilichobaki kinaondoka polepole. Baba yako alikusahau hivyo hivyo. Mwaka wa mwanzo barua kila meli, kila ndege. Kisha Idd kwa Idd. Kisha tukabaki na kile kidogo ambacho hakiondoki wala hakifai kitu, jina lako tu, na hilo nalo siku moja alilikosea kwenye simu akakwita Thureya. Wewe ulikuwa umesimama pembeni yangu, nikakwambia anakusalimia.

Sasa jana. La kuvunda halina ubani, ntakwambia na hili.

Watu walipotawanyika nilimpigia simu. Miaka sijamsikia. Nilitaka kumwambia mtoto anakuja, na usithubutu kujitokeza. Akaitika kwa upole, uzee umemwingia kooni. Nikaanza kwa kejeli, nikamwambia, "Mwanao leo kawaliza watu. Anasema ulimpeleka sikukuu, ndara yake ikakatika, ukamvisha kubadhi lako ukarudi na mguu mmoja chini." Nilikuwa nimevuta pumzi nimwambie mwongo mkubwa wee, hukuwapo. Akanitangulia.

"Nnakumbuka," akasema.

Nikavuta kiti nikakaa.

"Wallahi nnakumbuka, mama Thuwaiba. Tulipofika Vuga alikuwa keshalala begani kwangu. Nilipanda naye ngazi polepole nisimwamshe."

Na akalia, Thuwaiba. Mtu mzima akalia kwenye simu kwa ajili ya ngazi ambazo hakuzipanda. Sijui kama aliongopa. Elimu yako itakwambia huenda hakuongopa, huenda miaka yote hii alikuwa akitafuta pahala pa kujiweka, nami nikampa pahala tayari, pamefagiliwa. Akasema atakuja kukupokea uwanja wa ndege, yeye na mkewe na watoto, na wewe ndiye utakuwa dada yao mkubwa. Nikakata simu bila ya kuaga.

Kwa hiyo unajua, ningeweza kunyamaza. Wewe unakumbuka, naye anakumbuka, na mashahidi wawili wanatosha. Mungekaa huko mkaisimulia pamoja, kila mmoja akimuongezea mwenziwe, mkafurahi, na hakuna ambaye angedhurika. Tangu jana nnajiuliza kwa nini siwezi. Nilianza kujidanganya kwamba ni kwa ajili ya ukweli, mtoto anakwenda kusoma kumbukumbu, haiwezekani aende na ya bandia. Ukweli gani! Ningeutaka ukweli ningeusema ile siku ya nazi.

Ni wivu. Jana nilisimama kwenye mlango wa jikoni nikaisikiliza sikukuu yako mwanzo mpaka mwisho, nikijitafuta ndani yake. Gauni nani kakuvisha? Hukusema. Nywele nani kakufunga? Mliporudi na mguu mmoja chini, nani aliyekufungulieni mlango? Hakuna mtu. Umeijaza watu, bembea, malai ya embe, changarawe, na mimi sikuwamo hata miongoni mwa wale wanaouza ubuyu getini. Nilipoitunga nilisahau kujitia, na wewe uliyeitia kila kitu hukunikumbuka. Lile kubadhi lilikuwa mkononi mwangu, ukalitoa ukampa yeye. Mimi ndiye niliyekesha siku tatu nikikupaka dawa ya vipele baada ya kukupiga. Mimi ndiye niliyebaki.

Sikuombi radhi hapa. Ukitaka kunipa utanipa, na usipotaka ni haki yako. Wala sikwambii usimtafute. Atakuwapo pale na maua yake, mwache akukumbatie, lakini umkumbatie kwa macho yaliyo wazi. Akianza habari ya ngazi, usimkatize, mtazame tu namna uso wake unavyoamini. Hilo ni somo hakuna mwalimu wa huko atakayekupa.

Barua hii ntakupa mkononi ukirudi, na utaisoma mbele yangu. Nnajua kesho unaweza kuondoka bila ya kunibusu. Nimelipima hilo nikaona bora. Wakikuuliza tena kwa nini umechagua elimu hii, waambie dirisha, na tetekuwanga, na mwanamke aliyekuwa peke yake chumbani na mtoto asiyenyamaza. Nikumbuke nikikupiga, Thuwaiba, lakini nikumbuke.

Mama yako